PVC nyumbani: kipi kitoke kwanza, kipi kiachwe mahali pake

Swali la msomaji: "Tunakarabati nyumba, na fundi anapendekeza PVC karibu kila mahali: mabomba ya maji, sakafu ya chumba cha mtoto, fremu za madirisha, na nyaya zenye ganda la plastiki hiyohiyo. Ndugu yangu mmoja ameniambia kwamba PVC ni sumu na kwamba hata ile ya zamani iliyomo nyumbani niing'oe yote. Mtoto wetu ana miezi tisa na anatambaa. Onyo hilo lina ukweli kiasi gani, na kama ni la kweli, niweke nini badala yake?"

Jibu

Ndugu msomaji, onyo ulilopewa lina ukweli mwingi kuliko fundi wako anavyotaka kukiri, ila shauri la kung'oa kila kitu kwa mpigo linaweza kukuletea madhara makubwa kuliko yale unayoyakimbia. Wote wawili wanazungumza kana kwamba PVC ni kitu kimoja. Bomba gumu la maji lililozikwa ukutani na zulia la plastiki laini ambalo mtoto anaburuza tumbo juu yake vinaitwa kwa herufi zilezile tatu, lakini vilivyochanganywa ndani yake havifanani, na namna vinavyomfikia mtu haifanani kabisa. Nitakuomba univumilie kwanza nieleze plastiki hii inatoka wapi na inachanganywa na nini, kwa kuwa mpangilio wa kubadilisha vitu nyumbani mwako unategemea maelezo hayo.

Plastiki tulizozizoea zaidi, kama polietilini ya mifuko na polipropilini ya ndoo, zimeundwa kwa kaboni na hidrojeni tu. PVC, ambayo jina lake refu ni polivinili kloridi, ina klorini pia, tena kwa wingi: takribani asilimia 57 ya uzito wa resini yake, yaani plastiki tupu kabla haijatiwa kitu kingine, ni klorini. Karibu kila tatizo nitakalolitaja lina mzizi katika klorini hiyo. Hupatikana kwa kupitisha umeme katika maji ya chumvi, kazi ambayo kwa miongo mingi ilifanywa kwa mitambo yenye zebaki au yenye viwambo vya asbesto, na mingine ya namna hiyo haijakoma. Klorini ikishapatikana huunganishwa na etilini itokanayo na petroli au gesi asilia. Ipo pia njia inayotumika hasa China, ambayo huanza na makaa ya mawe na kutumia kichocheo chenye zebaki. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, ulizitaka nchi wanachama zipunguze kwa nusu zebaki inayotumika kwa kila kipimo cha bidhaa hiyo ifikapo mwaka 2020, ikilinganishwa na ilivyokuwa mwaka 2010.

Zao la muungano huo ni gesi iitwayo vinili kloridi, ambayo molekuli zake zikiunganishwa kuwa mnyororo mrefu ndipo unapopatikana unga mweupe wa PVC. Kuhusu gesi hii hakuna mjadala wa kisayansi uliobaki: inasababisha saratani. Katika miaka ya 1960 madaktari walikuwa wamekwisha kuona kwamba wafanyakazi walioingia ndani ya matangi ya kiwandani kuyasafisha walipata ugonjwa wa kuliwa kwa mifupa ya ncha za vidole. Kisha Januari 1974 ikatangazwa kwamba wafanyakazi kadhaa wa kiwanda kimoja cha PVC mjini Louisville, Marekani, walikuwa wamekufa kwa angiosakoma ya ini, saratani ambayo ni adimu mno kiasi kwamba kuikuta kwa watu kadhaa wa kazi moja hakuwezi kuitwa bahati mbaya. Majaribio ya wanyama ya mtafiti Cesare Maltoni huko Italia yalielekeza kidole kulekule. Baada ya hapo kiwango kilichoruhusiwa katika hewa ya viwanda vya Marekani kiliteremshwa kutoka sehemu 500 kwa milioni hadi sehemu 1, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani likaiweka gesi hiyo katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Mpaka mwaka huohuo wa 1974 gesi hiyo ilikuwa bado inatumika nchini humo kusukumia dawa ya nywele kutoka kwenye makopo, yaani watu walikuwa wakijipulizia wenyewe vichwani.

Bila shaka utauliza kama gesi hiyo inakufikia wewe. Kwa PVC iliyotengenezwa miongo ya karibuni, mabaki yake ndani ya bidhaa ni madogo sana, kwa sababu baada ya mshtuko wa 1974 viwanda vililazimika kutafuta njia za kuiondoa kabla unga haujatoka kiwandani. Mabomba yaliyotengenezwa kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ni habari nyingine: yamejulikana kuachia vinili kloridi katika maji yanayosimama ndani yake kwa muda mrefu, na si jambo la kupuuza, kwani mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa unaweka kikomo cha mikrogramu 0.3 tu kwa lita. Hata hivyo mzigo mkubwa wa gesi hii wanaubeba wafanyakazi, wanaoishi jirani na viwanda, na walio kando ya njia inakopitishwa. Februari 2023 treni iliyobeba kemikali iliacha reli huko East Palestine, katika jimbo la Ohio, Marekani. Siku tatu baadaye vinili kloridi iliyokuwa katika mabehewa matano ilitobolewa njia na kuchomwa kwa makusudi, wakazi wakiwa wamehamishwa, na mwaka uliofuata wachunguzi wa serikali wakahitimisha kwamba uchomaji huo haukuwa wa lazima. Nimelitaja tukio hili kwa sababu mnunuzi anapopima madhara ya bomba hupenda kupima yale tu yanayotoka mferejini mwake, na mimi siioni hesabu hiyo kuwa kamili.

Tukiacha kiwanda, tuje kwenye bidhaa yenyewe. PVC tupu haifai kwa kazi yoyote. Ikipashwa joto ili iumbwe huanza kuharibika kabla haijalainika sawasawa, ikitoa asidi ya hidrokloriki, na asidi hiyo huharakisha uharibifu unaoendelea. Kwa hiyo ni lazima itiwe vidhibiti vya kuikinga na joto na jua. Kwa muda mrefu kidhibiti kilichopendwa kilikuwa madini ya risasi, na mara nyingine kadimi, vyote viwili vikiwa sumu. Vidhibiti hivi hukaa vizuri plastiki inapokuwa nzima na mpya, lakini jua likiichakaza vinajitokeza juu pamoja na unga wa plastiki yenyewe. Mwaka 1996 tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilitoa onyo kuhusu mapazia ya vibao vya PVC ambayo, yakipigwa na jua dirishani, yalitoa vumbi lenye risasi, na watoto wakaligusa kisha wakalamba vidole. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto. Viwanda vya Ulaya viliacha kutumia vidhibiti vya risasi kufikia mwisho wa mwaka 2015, na tangu Novemba 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya inazuia PVC yenye risasi ya asilimia 0.1 au zaidi, ingawa imeacha mlango wazi kwa muda kwa baadhi ya bidhaa zinazotengenezwa kwa PVC iliyorejelezwa. Vidhibiti vya kalsiamu na zinki vipo, vinafanya kazi, na ndivyo unavyopaswa kumwulizia muuzaji.

Kwa chumba cha mtoto wako, hata hivyo, jambo zito kuliko yote ni vilainishi. PVC kwa asili ni ngumu. Ili iwe zulia la kukunjika, pazia la bafu, ganda la waya au mdoli wa kubonyezwa, huchanganywa na kimiminika kama mafuta, mara nyingi kwa kiasi cha kati ya asilimia 20 na 40 ya uzito wake. Kimiminika hicho hakifungwi kikemia na mnyororo wa plastiki. Kimekaa katikati ya minyororo kama maji katika sifongo. Hutoka polepole mwaka hadi mwaka, kikaingia hewani, kikatua kwenye vumbi, kikahamia kwenye ngozi, na kwa vyakula vyenye mafuta kikahamia kwa kasi zaidi. Plastiki laini ya zamani inayopasuka ukiikunja imekauka kwa sababu hiyo, na kilichotoka kilipita ndani ya chumba kabla hakijapotea.

Vilainishi vilivyotawala kwa miongo mingi ni jamii ya thaleti, na maarufu zaidi kati yake ni DEHP. Kadhaa kati ya hizo huzuia kazi ya homoni za kiume. Panya dume waliozipata wakiwa tumboni mwa mama zao walizaliwa na kasoro za viungo vya uzazi, ikiwa ni pamoja na korodani zisizoshuka, na tafiti kwa watoto wa binadamu zimehusisha thaleti katika mkojo wa mama mjamzito na dalili nyepesi za mwelekeo huohuo. Mwaka 2004 watafiti wa Sweden waliopima vumbi la vyumba vya kulala vya watoto walikuta uhusiano kati ya DEHP na pumu, na kati ya thaleti nyingine iitwayo BBP na mafua ya mzio na ukurutu. Uhusiano peke yake hautoshi kuthibitisha kisababishi, na mwanasayansi mwangalifu ataishia hapo. Lakini watunga sheria hawakusubiri zaidi, na nadhani walifanya vema. Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia thaleti katika vitu vya watoto vya kutia mdomoni mwaka 1999, ukalifanya zuio hilo kuwa la kudumu mwaka 2005, Marekani ikafuata mwaka 2008, kwa kikomo cha asilimia 0.1. Tangu Julai 2020 Umoja wa Ulaya umepanua kikomo hicho kwa thaleti nne hata katika bidhaa nyingi za watu wazima, sakafu zikiwamo.

Kuna kisa cha sakafu ambacho mafundi wengi hawakijui na ambacho kinakuhusu moja kwa moja. Zulia la PVC likigandishwa juu ya zege ambalo halijakauka, unyevu wa zege, ambao una ualkali mkali, huivunja DEHP na viambato vya gundi na kuzalisha alkoholi yenye harufu nzito inayowasha macho na koo. Harufu hiyo inaweza kudumu chumbani kwa miaka, na kuondoa zulia peke yake hakuimalizi, kwa kuwa imekwisha kunywewa na zege. Nimewahi kuitwa kutazama chumba cha namna hiyo: wenyewe walikuwa wamepaka rangi upya kuta zote nne wakidhani ndizo zinazonuka.

Utaambiwa dukani kwamba bidhaa "haina thaleti". Ni habari njema, ila uliza ina nini badala yake. DEHP ilipoanza kukataliwa, wengi walihamia DINP, ambayo ni thaleti pia na ambayo nayo imezuiwa Ulaya katika vitu vya watoto vya kutia mdomoni. Plastiki laini za bei ya chini, hasa maganda ya nyaya, zimetumia mafuta ya parafini yaliyotiwa klorini. Yale ya mnyororo mfupi yaliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm, unaohusu kemikali sugu, mwaka 2017, na yale ya mnyororo wa kati yakafuata mwaka 2025, kwa sababu hayaozi na hujilimbikiza katika miili ya viumbe. Vilainishi vipya kama DEHT na DINCH vina rekodi bora zaidi hadi sasa. Tatizo la msingi linabaki lilelile, kwamba plastiki inayohitaji theluthi ya uzito wake iwe kimiminika kisichofungwa itaendelea kukitoa, kiwe kipi.

Hapa niingize neno moja kuhusu hospitali, kwa kuwa swali hilo hunijia mara kwa mara baada ya jibu kama hili. Mifuko ya damu na mirija ya dripu kwa muda mrefu imekuwa ya PVC yenye DEHP, na watoto wachanga walio katika uangalizi maalumu wanaweza kupata kiasi kikubwa cha kilainishi hicho kwa uzito wao mdogo. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri vifaa mbadala vitumike kwa watoto wa kiume walio katika hatari hiyo. Ugumu ni kwamba DEHP, kwa namna isiyotarajiwa, huimarisha ngozi ya seli nyekundu za damu na kuzifanya zidumu zaidi katika mfuko, ndiyo maana mfuko wa damu umechelewa kubadilika kuliko mfuko wa maji ya chumvi, ambao umepatikana kwa polipropilini na plastiki za jamii yake kwa miaka mingi. California ilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuondoa DEHP katika mifuko ya dripu kuanzia 2030 na katika mirija kuanzia 2035. Mgonjwa asikatae damu wala dripu kwa sababu ya PVC. Faida ya matibabu ni kubwa mno kuliko madhara hayo.

Sasa moto, ambao ndio unaonifanya nisikubaliane na shauri la kung'oa kila kitu. Wauzaji husema PVC haishiki moto kwa urahisi, nao wanasema kweli: klorini huuzuia moto usisambae. Lakini ikiwa katikati ya kitu kingine kinachoungua, huachia klorini yake yote. Kilo moja ya resini inaweza kutoa zaidi ya nusu kilo ya asidi ya hidrokloriki, gesi inayounguza mapafu na kumpofusha kwa machozi mtu anayetafuta mlango. Moshi huo unapopoa, hasa kati ya nyuzijoto 200 na 450 za selsiasi, mabaki ya kaboni na klorini huungana kuwa dioksini, kundi la sumu kali, na shaba ni kichocheo kizuri mno cha muungano huo. Tafakari basi maana ya kuchoma nyaya ili kupata shaba: klorini, kaboni na shaba vimewekwa pamoja katika moto hafifu usio na hewa ya kutosha. Ni vigumu kubuni kiwanda bora cha dioksini. Dioksini iliyo kali kuliko zote inakubalika kuwa msababishi wa saratani kwa binadamu, hukaa mwilini kwa nusu-uhai (muda wa kupungua kwa nusu) wa kati ya miaka 7 na 11, na zaidi ya asilimia 90 ya inayotufikia hupitia chakula, hasa nyama, maziwa na samaki, kwa sababu hutua kwenye majani na majini kisha ikapanda katika mafuta ya wanyama. Anayechoma PVC uani anailisha jamii nzima moshi huo, nusu yao wasijue umetoka wapi.

Wala usifikiri kwamba kurejeleza kutakuokoa kwa urahisi. PVC ngumu ya mabomba na fremu inaweza kusagwa na kuumbwa tena ikiwa imekusanywa peke yake, na hufanyika hivyo mahali penye utaratibu mzuri. Ile laini imebeba vilainishi na vidhibiti vya enzi yake, hivyo kuirejeleza ni kuzihamishia katika bidhaa mpya sumu ambazo sheria imekwisha kuzikataza. Mbaya zaidi, PVC kidogo tu ikichanganyika na chupa za plastiki ya PET huharibu mzigo mzima kwa asidi yake, na kwa kuwa plastiki hizo mbili zina msongamano unaokaribiana, zote huzama majini na haziwezi kutenganishwa kwa kuelea.

Kwa hiyo nyumbani mwako ningeanza na sakafu ya chumba cha mtoto, na ningemkatalia fundi bila kusita. Ni eneo kubwa, ni plastiki laini, na mtu aliye karibu nayo zaidi ndiye mdogo kuliko wote na ndiye anayepeleka mikono mdomoni. Vigae vya udongo, mbao zilizopakwa vanishi ya maji, kizibo asilia (cha gome la mti) na linoleamu vyote vinafaa. Kuhusu linoleamu uwe macho: ya kweli hutengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani, unga wa mbao na chokaa juu ya kitambaa cha juti, na ilikuwapo tangu miaka ya 1860, kabla PVC haijawa bidhaa, lakini wauzaji wengi huliita linoleamu zulia lolote la plastiki linalokunjwa. Linoleamu ya kweli hunukia mafuta ya kitani siku za mwanzo, na muuzaji wake anaweza kukuonyesha juti kwa chini. Kizibo nacho huuzwa wakati mwingine kikiwa kimefunikwa utando wa PVC juu, jambo linaloondoa maana yote ya kukinunua. Ukichagua mbao za kubandikwa zilizoshinikizwa kwa gundi, ulizia zile zenye formaldihaidi kidogo, gesi yenye madhara itokayo kwenye gundi, usije ukakimbia moshi ukaingia motoni.

Ikiwa chumba tayari kina vigae vya zamani vya plastiki, au zulia lenye mgongo wa karatasi ngumu ya kijivu, la kabla ya katikati ya miaka ya 1980, usikiguse kabla hakijapimwa. Vingi vya enzi hiyo vilitiwa asbesto. Kikiwa kizima na kimeshika, kukifunika kwa sakafu mpya ni salama kuliko kukibandua, kukikwangua au, hasha, kukisugua kwa msasa wa mashine.

Baada ya sakafu, tazama vitu ambavyo mtoto hulalia, huvaa na hutafuna: kifuniko cha godoro kisichopitisha maji, mkeka wa kumbadilishia nepi, aproni ya kulia, midoli laini ya kuogea, vitu vya kujazwa upepo. Hivi vina mbadala rahisi wa silikoni, polietilini, kitambaa au mbao zisizopakwa rangi. Pazia la bafu lenye harufu kali ya plastiki mpya ni PVC laini. Lile la kitambaa cha polista au la polietilini hufanya kazi ileile. Karatasi ya plastiki ya kufunikia chakula iwe ya polietilini, na hata hiyo isiguse chakula cha mafuta kikiwa moto. Alama ya utambuzi ni namba 3 au herufi V ndani ya pembetatu ya mishale. Pasipo alama, kipande kidogo kikitiwa majini hukupa dokezo: polietilini na polipropilini huelea, PVC huzama. Lipo jaribio la waya wa shaba uliopashwa moto, ambao ukigusishwa PVC hutoa mwali wa kijani. Waachie maabara, kwa sababu nimekwisha kueleza shaba na klorini vikikutana motoni hufanya nini.

Nyaya za umeme zilizo ndani ya kuta na zilizo salama kiufundi usizitoe kwa sababu ya PVC peke yake. Zikibadilishwa kwa sababu nyingine, omba zenye ganda lisilo na halojeni (jamii ya klorini) na lenye moshi hafifu, aina ambayo imezoeleka katika mahandaki, meli na majengo ya umma kwa sababu ileile ya moto.

Mabomba nayo ni magumu na hayahitaji kilainishi, kwa hiyo hoja ya thaleti haiyahusu. Ya zamani yanayofanya kazi yaache, isipokuwa kama ni ya kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1970 au una shaka ya vidhibiti vya risasi, ambapo kupima maji ni bora kuliko kukisia. Kwa wakati wote huo acha maji yaliyolala bombani yatiririke kidogo asubuhi kabla ya kunywa, na maji ya kunywa na ya chakula cha mtoto yatoke upande wa baridi. Kwa mabomba mapya ningechagua polipropilini ya kuunganishwa kwa joto au polietilini, ambazo hazina klorini na hazihitaji gundi. Gundi ya PVC ni viyeyusho vikali ambavyo fundi huvuta pumzi yake siku nzima na ambavyo huonjwa katika maji ya siku za mwanzo. Shaba na chuma kisichoshika kutu vinafaa pia, ingawa uchimbaji wake una madhara yake. Ukilazimika kutumia PVC mahali fulani kwa sababu ya bajeti, iweke kwenye bomba la maji machafu.

Fremu za madirisha ni mahali ambapo hoja zangu ni dhaifu zaidi, nami sitajifanya vinginevyo. Ni PVC ngumu, haigusani na mtoto sana, na zikiwa na vidhibiti vya kalsiamu na zinki madhara yake makubwa yapo kiwandani na mwisho wa maisha yake. Mbao kutoka misitu inayotunzwa ni bora kwa maoni yangu. Alumini hula umeme mwingi sana kuizalisha. Kama pesa inatosha kwa jambo moja tu, iende sakafuni.

Mabaki yatakayotolewa yasikatwe kwa msumeno wa kasi ndani ya nyumba, yasichomwe, na nyaya za zamani wauziwe wale wanaozichuna kwa kisu au mashine, kamwe si wale wanaozichoma. Kama sakafu mpya itachelewa, futa ile iliyopo kwa kitambaa kibichi mara kwa mara badala ya kuifagia kavu, fungua madirisha, na mwoshe mtoto mikono kabla ya kula. Risasi hujificha mifupani kwa miaka mingi, na dioksini mwilini vilevile, lakini thaleti hutolewa kwa mkojo ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo kupunguza vumbi hilo kunaweza kuonekana katika mwili wa mtoto baada ya muda mfupi.